Mgeni wa Mlango wa Mbele

Hakuna harusi iliyopikwa Kibokoni ambayo Chonga hakuivuta kwa mkokoteni wake. Kuni yeye, masufuria yeye, magunia ya mchele yeye. Na kila harusi ilipokwisha, alipokea ujira wake mdogo, kisha akajaziwa kopo lake la samli kwa biriani pale mlango wa uani, wanapogaiwa maskini. Hakuwa na neno. Mkewe Mbodze na watoto walizijua harusi za Mji wa Kale kwa kopo lile.

Sasa Bwana Fuad, tajiri mwenye maghala Shimanzi, akawa anamwoza kijana wake. Siku Chonga alipofikisha mchele, barazani pamejaa watu, na Bwana Fuad si mtu wa kutenda jema kwa kunong'ona. Akapaza sauti: "Chonga! Jumapili walima. Usikose!"

Wallahi yale yalikuwa maneno ya barazani tu, kama mtu akwambiavyo karibu huku ashafunga mlango. Kila mtu alijua hivyo, isipokuwa Chonga.

"Nimealikwa," akamwambia Mbodze.

"Umealikwa ubebe nini?"

"Nile! Ndani, kwenye sinia."

Mbodze alicheka hata akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. "Na kopo?"

"Mgeni habebi kopo, mke wangu. Ni aibu."

"Haya. Watoto watakula hiyo aibu."

Neno lile lilimkwama Chonga. Lakini tangu azaliwe hajawahi kualikwa mahali kwa jina lake, na hamu ilimshinda. Akaazima kanzu ya jirani, ikamkomea magotini, akaenda.

Desturi ya walima yajulikana: watu wanne sinia moja, na sinia haliji mpaka wanne watimie. Chonga akaketi mkekani kungoja wenziwe. Wa kwanza akaja, akaitazama ile kanzu, akakumbuka kuwa ana rafiki upande wa pili. Mwingine akapokea simu ambayo haikulia. Basi mkeka ukawa wake peke yake, na biriani aliyoivuta kwa jasho lake ikawa yampita puani kwenda kwa wengine. Maskini Chonga! Aliona aibu hata masikio yakamuwaka.

Mara wakaingia wajomba watatu wa bibi harusi, watu wazito, wamechelewa. Kila sinia limetimia. Pamebaki mkeka wa Chonga tu, wakaketi.

Bwana Fuad akaja mbio, akamwinamia Chonga sikioni. "Toka nje kidogo, kuna mzigo."

"Leo mkokoteni umepumzika, Bwana. Si uliniambia nisikose?" Wala hakusema kwa ubishi. Aliuliza kweli.

Mjomba mkubwa, ambaye hakutia kitu tumboni tangu asubuhi, akang'aka: "Yakhe, akiondoka huyu tutakuwa watatu, tutangoja mpaka lini? Mwache mtu wa watu. Leteni chakula!"

Sinia likaja. Mjomba akamnyofolea Chonga pande la nyama, akamwekea mbele, kama afanyiwavyo mtu wa heshima. "Kula, ndugu. Wewe ni nani kwa bwana harusi?"

"Mimi ni Chonga, mwenye mkokoteni. Mchele huu nimeuvuta mimi."

"Basi una haki kutushinda sisi," akasema mjomba, akamwongeza pande jingine. Bwana Fuad akatabasamu kama mtu mwenye jino bovu.

Chonga alikula, na raha aliiona. Lakini kila tonge lilipita palepale lilipokwama neno la Mbodze. Akanawa, akaagana na wajomba, akatoka mlango wa mbele kifua mbele, mgeni kamili. Akakata kona, akaingia kichochoroni. Akavua kanzu, akaikunja. Kisha akatia mkono chini ya ngazi ya jirani, akatoa kopo alilolificha hapo alfajiri. Mshamba labda, mjinga si Chonga.

Kule uani Mwanakuu, shangazi wa bwana harusi, alikuwa akigawa kwa upawa, na foleni ni ndefu. Ilipokaribia zamu ya Chonga, Bwana Fuad akatokeza, aonekane akitoa.

"Chonga! Si umekula ndani sasa hivi?"

"Aliyekula ndani ni mgeni wako, Bwana. Huyu hapa ni baba wa watoto."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bwana Fuad akageuka kutafuta wa kumkemea, na ndipo alipowatazama. Alikuwapo mlinzi wa ghala lake. Alikuwapo mama anayemfulia nguo. Walikuwapo wapakuzi wa magunia yake, na fundi aliyeipaka nyumba chokaa kwa ajili ya harusi hiihii, kila mmoja na chombo chake mkononi.

"Ninyi nyote," akasema polepole, "si mwafanya kazi kwangu?"

Chonga akamsogezea Mwanakuu kopo.

"Ndiyo, Bwana," akajibu kwa adabu. "Ndiyo maana tuko huku."