Talaka ya Farasi Mwekundu

Kusoma kwangu kuliishia chuoni, juzuu ya Amma ya Kurani, na kuandika nilijifunza ukubwani kwa kubahatisha. Lakini mtaani kwetu Malindi hapakuwa na mtu, mwanamume wala mwanamke, aliyejua kunishinda mimi farasi gani atatangulia Mnazi Mmoja. Nasema hivi bila haya, kwa kuwa ni kweli.

Siku hizo Wazungu na Waarabu wenye mashamba wakishindanisha farasi zao pale uwanjani. Mume wangu alikuwa akiwapelekea majani mabandani, na kila baada ya mbio nilimbana: nani wa mwanzo, nani wa pili, uwanja mkavu au tope? Mimi nikisuka mikeka, basi kila farasi nikamwekea ukindu wake. Akishinda, fundo kubwa. Akiwa wa pili, fundo dogo. Akiachwa nyuma, naukunja tu. Mbio za tope nilizitia kwenye ncha niliyoipaka rangi nyeusi. Wanaume walitazama manyoya yanavyong'aa. Mimi nilitazama alichokwisha kufanya. Pesa sikuweka hata moja, kamari ni haramu. Raha yangu ilikuwa niseme, na iwe.

Ikafika siku ya mbio, wakati wa vuli. Asubuhi mume wangu akaniuliza, "Leo nani?"

Nikapapasa ukindu. "Mwekundu."

"Una hakika?"

"Mafundo makubwa matatu mfululizo. Unataka nini tena?"

Kwenye ncha nyeusi ya huyo mwekundu palikuwa na mikunjo miwili mitupu, na mwenye mafundo huko alikuwa farasi wa kijivu. Nikanyamaza. Mbingu ilikuwa safi, nami nilitaka nionekane najua, si nianze huenda na labda.

Haukupita muda, nikiwa nyuma ya mlango, nikawasikia wenzake barazani wanamcheka.

"Sheikh, siku hizi farasi wako wanachaguliwa jikoni?"

"Muulize na mchuzi unasemaje!"

Mume wangu alikuwa mpole, lakini kicheko kile kilimuunguza. "Wallahi, mwekundu akishindwa leo, mke wangu ana talaka moja!"

Neno la namna hiyo likishatoka halirudi. Sharti likitimia mke kaachika, mume apende asipende.

Baada ya adhuhuri mvua ikashuka.

Nikajigubika kanga nikaenda Mnazi Mmoja, nikasimama na wanawake wenzangu. Uwanja ulikuwa ukinyonya kwato. Farasi wakatoka, na ndani yangu mlikuwa na watu wawili. Mmoja akiomba: Mola, mpe mwekundu, usinivunjie nyumba. Wa pili, naona haya kumtaja, akimtaka wa kijivu, kwani ukindu ulisema. Mwekundu akishinda, nina mume na hesabu yangu ya tope ni bure. Akishindwa, hesabu yangu imesibu na sina mume.

Wa kijivu akatangulia kwenye kona, hakufikiwa tena. Mwekundu alikuja wa nne, tope mpaka machoni. Kwa pumzi moja nilifurahi. Kisha nikamwona mume wangu ng'ambo ya uwanja, amekaa kitako ndani ya maji.

Alipofika nyumbani hakuingia. Alisimama kizingitini.

"Ulijua?"

"Habari ya tope nilijua. Sikukwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa lile lile lililokufanya wewe uape."

Nikafunga nguo zangu nikaenda kwa mama.

"Mwanangu," mama akasema, "wenzio huachwa kwa ulimi, wengine kwa wivu. Wewe umeachwa na farasi!" Akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikalia mapajani pake.

Kabla ya eda kwisha mume wangu akaja na mashahidi wawili, akanirejea. Kisharia nilirudi siku ile ile. Moyo ulichelewa kidogo. Tukazaa, na nyinyi wajukuu mkapatikana. Kuhesabu sikuacha, ila akiniuliza nani, nilimpa pande zote mbili, wa uwanja mkavu na wa tope, hata kama maneno hayakuwa tena na ukali wa zamani. Naye akianza kupandisha sauti barazani, nilikohoa nyuma ya mlango, akaishusha. Katika talaka tatu zilibaki mbili, na sote wawili tulikuwa tukizihesabu.