Jina Ambalo Sikulifuta

Krismasi kwa fundi cherehani si sikukuu, ni mwezi wa adhabu. Watu wa Turwa hukumbuka kwamba wana watoto zikiwa zimebaki wiki mbili. Wanakuja na vitambaa walivyonunua Sirari, vingine vimepungua nusu mita, na kila mmoja anataka gauni la mwanawe liwe la kwanza. Mwaka ninaousimulia nilikuwa pia na magauni kumi na manne ya kwaya, yote ya zambarau, yote na zipu za mgongoni. Miguu yangu ilikuwa imevimba kwa pedali. Mume wangu alijifunza kusonga ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, mwenyewe, jambo ambalo alilitoa kanisani kama ushuhuda.

Juu ya hayo, mimi ni katibu wa kamati ya huruma. Nilichaguliwa kwa sababu nina mwandiko mzuri. Hakuna aliyeniuliza kama nina huruma.

Kila Krismasi kanisa letu hutoa mifuko kwa majirani wenye shida: unga, mchele kilo mbili, sukari, mche wa sabuni na chupa ya mafuta ya kupikia. Haitolewi kwa siri. Baada ya ibada mwenyekiti wa kamati husimama mbele na kusoma majina kutoka kwenye daftari langu. Anayeitwa husimama, huenda mbele, hupokea. Asiyeweza kufika kwa ugonjwa au uzee, mtu wa nyumba yake husimama badala yake. Majina yamepangwa chini ya vichwa vitano ambavyo nilivikuta: wajane, yatima, wazee, wagonjwa, walemavu. Mwenye shida asiyeingia kwenye kichwa chochote, basi huyo kwetu hana shida.

Wifi yangu aliyeolewa Isebania, ambaye huvuka mpaka kutoka Kenya kila Desemba kuja kunisaidia kupika, hajawahi kuupenda utaratibu huu. "Wifi, nyinyi mnaanika watu hivyo, kwani ni nguo?" aliniambia mwaka huo huku akichagua mchele. "Kwetu tunapeleka tu kwa nyumba. Mtu anapata chakula yake na hakuna mwenye anajua." Sikumbishia. Nimeona wazee wakivuka lile kanisa wakiwa wameinamisha vichwa, na nimeona watoto wakicheka.

Nyuma ya uzio wetu wa minyaa anakaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtu wa Mbalibali kule Serengeti. Aliletwa hapa akiwa msichana, na aliyemuoa ni bibi mmoja, muumini mwenzetu. Sisi Wakurya tunaiita nyumba ntobhu, na huku hakuna asiyeijua. Mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume hutoa ng'ombe kama mwanamume anavyotoa, akaoa binti, na watoto watakaozaliwa na huyo binti wanakuwa wa nyumba yake. Wanabeba jina la nyumba, wanarithi shamba, na moto hauzimiki jikoni. Nani kamzaa mtoto na nani, hilo haliulizwi mezani. Yule binti alimpa bibi wajukuu watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, na kwa miaka kumi na moja niliwasikia kupitia uzio wakigombana juu ya chumvi kama watu wengine wowote wanaopendana.

Bibi alifariki wakati wa masika. Nilipika chai msibani kwake siku tatu. Kabla hata turubai halijarudishwa, watoto wa ndugu za marehemu mume wake, wanaume wawili wa makamo, walianza kusema kwamba ile migomba na ile kahawa ni ya ukoo wao. Yule mwanamke, walisema, alikuwa mtu wa kumsaidia bibi kazi tu. Sasa bibi hayupo, achukue watoto wake arudi Mbalibali.

Alikuja kwangu mwanzoni mwa Desemba, mchana, nikiwa kwenye cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni kushona, umechelewa."

"Si kushona. Naomba uniandike kwenye mifuko ya kanisa."

"Nitakuandika, hilo halina shida."

"Uniandike mjane."

Nilitoa mguu kwenye pedali. Alikuwa amesimama mlangoni na tope la shambani lilimfika kwenye magoti, maana alikuwa akilima vibarua kwa watu.

"Unga nitatafuta mwenyewe, mama. Mimi nataka lisomwe kanisani kwamba ni mjane wa nyumba ile. Wale wanaume hukaa benchi la tatu. Wakisikia, na watu wote wakisikia, wataniambiaje tena nirudi Mbalibali?"

Nilimwambia nitalipeleka kwenye kamati. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya mtu anayeweza mambo, halafu nikarudi kwenye zipu.

Kamati ilikaa Jumapili iliyofuata, chini ya bati jipya la darasa la Sunday school ambalo bado halina dari. Mwaka huo haukuwa wa tohara, kwa hiyo barabara hazikujaa ngoma za vijana na hakuna aliyechelewa. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, mtu mwema, na nasema hivyo nikimaanisha. Anatembea kwa miguu kupeleka dawa kwa wagonjwa. Lakini ni mtu wa vichwa vya habari: kila kitu lazima kiwe chini ya kichwa chake.

"Kuna jirani yangu," nilisema tulipofika kwa wajane. "Ni wa nyumba ntobhu. Amefiwa masika."

Mwenyekiti alivua miwani. "Amefiwa na nani?"

"Na bibi aliyemuoa."

"Bibi ni mwanamke, mama katibu."

"Ndiyo, mzee."

"Basi si mjane. Tukimwandika mjane, tumeikubali ile ndoa. Tukiikubali, mwakani wataileta madhabahuni, na mchungaji atasema nini?"

Mjumbe mmoja alisema tumweke kwa yatima, na watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mwenyekiti akasema tutamfikiria mwakani.

Jibu nilikuwa nalo. Nusu ya watu waliokaa pale wana nyumba kama ile katika koo zao. Mwenyekiti mwenyewe shangazi yake alioa kwa ng'ombe sita, na yeye alikulia kwenye mji ule akila chakula cha yule binti. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini nyumbani kulikuwa na magauni manne yasiyo na zipu, na mgongo ulikuwa unaniuma, na niliona kwamba nikifungua mdomo tutakaa pale mpaka jioni. Nikapiga mstari, tukaenda kwa yatima. Nimejaribu kutafuta sababu nzuri zaidi ya ile, sijaipata. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi niliubeba kwa wepesi huo huo.

Nilimwambia jirani yangu juu ya uzio kwamba imeshindikana.

"Sawa, mama," alisema, akaendelea kukata majani ya ng'ombe. Afadhali angenitukana.

Tarehe ishirini na nne magauni yaliisha saa tisa alasiri. Ndipo nilipokumbuka kwamba orodha ya kusomwa haijaandikwa safi. Wajane niliwaandika kwa uangalifu, kwa sababu tuliwajadili. Yatima vilevile. Nilipofika kwa wazee mkono ulikuwa umekufa ganzi. Nikafungua ukurasa wa mwaka uliopita, nikanakili majina kama yalivyokuwa kutoka juu hadi chini. Nilijiambia kwamba wazee hawabadiliki sana. Mtu mwenye akili timamu hawezi kusema hivyo, kwa maana wazee ndio hasa wanaobadilika.

Asubuhi ya Krismasi ilinyesha kidogo, halafu jua likatoka. Kanisa lilijaa hadi watu wakakaa kwenye madumu nje ya madirisha. Kwaya iliingia kwa zambarau yangu, na zipu moja tu ndiyo iliyofunguka, ya mwimbaji aliyenidanganya kipimo cha kiuno chake. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango, nimevua viatu. Mahubiri sikuyasikia. Nililala macho wazi, ufundi ambao kila mama anaufahamu.

Kisha mwenyekiti akasimama na daftari. Wajane wakaenda mmoja mmoja. Yatima wakaenda. Kwenye wazee alisoma jina la kwanza, mzee mmoja akaja na fimbo yake. Akasoma jina la pili.

Lilikuwa la bibi.

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amelitoa mdomoni kabla hajalielewa. Watu wengi mle ndani walikuwa wametupa udongo kaburini mwake. Nilianza kutafuta viatu kwa miguu, na kimoja kilikuwa kimesogea chini ya benchi la mbele.

"Nipo," mtu alisema.

Alikuwa jirani yangu, amesimama upande wa wanawake, katikati, mtoto wa mwisho ameshika sketi yake. Alikuwa ametoka kwenye benchi na kuanza kutembea.

"Samahani," mwenyekiti alisema. "Hili ni kosa la uandishi. Huyu bibi ni marehemu."

"Ndiyo, mzee. Shikamoo. Lakini si mnasema asiyeweza kuja, mtu wa nyumba yake asimame?"

"Tunasema hivyo kwa mgonjwa."

"Yeye hawezi kuja kuliko mgonjwa."

Kuna mtu aliguna. Mwenyekiti aligeuka kumtazama mchungaji. Mchungaji wetu ni kijana, mtu wa mkoa mwingine, na miaka miwili tangu aje tulikuwa bado tunamfundisha nani ni shemeji wa nani. Aliinuka taratibu.

"Wewe ni nani kwake?" alimuuliza.

"Yeye ndiye aliyenioa. Alitoa ng'ombe kwa baba yangu Mbalibali. Hawa watoto ni wa nyumba yake." Akamsogeza mtoto mbele. "Kama mimi ni mtu wa kazi, waulizwe waliokuja kula siku nilipoletwa."

Hakuonyesha mtu. Hakuwa na haja, kwa sababu kanisa zima lilikuwa limeshatazama benchi la tatu. Mchungaji naye akatazama huko huko. Sidhani kama alijua anachokianzisha. Nadhani aliuliza kama mgeni anavyouliza.

"Ndugu zangu, mlikuwepo?"

Yule mkubwa wao alikuwa ameshika kofia kwenye magoti. Aliizungusha. Sisi watu wa huku tunaweza kumdhulumu mtu shamba, lakini kukana nyama uliyoila harusini, mbele ya watu mliokula nao, hilo linamwogopesha hata asiyemwogopa Mungu.

"Tulikuwepo, mchungaji."

"Mkala?"

"Tulikula."

Wanawake wazee wa upande wetu wakaitikia kwa koo, ule mguno wetu wa jambo lililokwisha. Mchungaji akachukua mfuko mwenyewe kutoka mezani, akampa kwa mikono miwili. Hakusema neno juu ya ndoa, hakusema mjane, wala hakuhubiri. Mwenyekiti alivaa miwani yake, akasoma jina la tatu.

Nje, wakati wa pilau, watu walikuja kunishika mkono. Mama mmoja aliniambia nina busara ya kizamani, kuliweka jina lile palepale ili watu wajisemee wenyewe. Hata mwenyekiti alinisogelea na sahani yake akasema, "Mama katibu, ulinizunguka," na hakuonekana mwenye hasira sana. Wifi yangu alinikodolea macho kutoka kwenye sufuria, akijua vizuri hali niliyokuwa nayo jana yake. "Busara gani," aliniambia baadaye. "Wewe ulikuwa umelala na kalamu." Sikumkanusha mtu yeyote siku ile. Nilikula pilau yangu na zile sifa nisizostahili, maana nilijua mahali ambapo ningepaswa kusema nilikuwa nimenyamaza.

Jioni, jua bado lipo, nilimkuta jirani yangu kwenye uzio. Alikuwa ameanika magunia, na mwanawe wa kati alikuwa akilamba sukari kiganjani.

"Mwanangu," nilimwambia, "lile jina sikuliweka kwa makusudi."

"Najua, mama. Ulisahau."

"Ulijuaje?"

"Ungekuwa na nguvu za kunisaidia ungesema siku ile ya kamati."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anavyosema mvua imekatika. Niliona aibu kuliko nilivyoona kanisani, na nilimwambia hivyo, kwamba naona aibu. Akasema watu wote wanachoka. Basi nikamwambia nitaleta lile daftari hata kesho, mbele yake, nimfute bibi kwa wazee na kumwandika yeye kwa wajane, kamati ipende isipende.

"Niandike, mama. Lakini yeye usimfute. Ukimfuta, mimi nimefiwa na nani?"

Wale wanaume hawajarudi tena kuidai migomba. Kamati ilibishana juu ya jina lake Jumapili mbili, na safari hii nilikaa mpaka jioni, mpaka wakakubali. Desemba hii nimeandika orodha upya, jina moja moja, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Yeye yupo kwa wajane. Bibi yupo kwa wazee, wa pili kutoka juu, na mwenyekiti akifika pale husoma.