Sikumwona akila

Katika kijiji kipya tulichohamia miaka ya sabini, kando ya barabara iendayo Kibondo, mume alikula barazani na mke alikula jikoni. Ndivyo tulivyolelewa Waha wa rika langu, na sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Mke wangu aliniletea ugali wa muhogo na maharage, akaninawisha, akarudi kwenye moshi wake. Hatukuwa na mtoto. Nilikula peke yangu upande huu wa ukuta, naye upande ule. Kwa hiyo sikujua.

Aliyejua ni jirani yetu, mwanamke aliyezoea kula naye. Siku moja alinikuta barazani nimefungua redio ya mteja nikiitengeneza.

"Shemeji, mwenzetu anamega matonge mawili, anasema kashiba."

"Labda hana njaa."

"Tangu mavuno? Na asubuhi anatapika." Akapiga makofi, akacheka. "Fundi gani wewe! Ya Bujumbura unayasikia, ya nyumbani kwako huyasikii. Ana mimba huyo!"

Mke wangu akajibu kutoka ndani: "Mwache, dada. Kwa umri huu labda nimebeba mjukuu."

Wakacheka wote wawili. Tumbo lake lilikuwa limeanza kutuna huku mabega yakikonda, na kwa majuma kadhaa nilitaka sana iwe hivyo. Nilianza hata kutafuta mbao za kitanda kidogo.

Mkunga wa zahanati alimpapasa, akatuambia twende Kasulu. Tulipanda lori la mahindi. Hospitalini tulipokewa na daktari aliyekuwa mdogo kuliko sisi. Alimpima siku kadhaa, kisha akatuita pamoja.

"Ndugu, mfuko wa chakula hutanuka mtu anapokula. Wa mama umekakamaa kama ngozi ya ngoma. Ndiyo maana matonge mawili yanaujaza. Nahofia ni kansa."

"Mbona hakuna uvimbe?" niliuliza.

"Aina hii haioti kama uvimbe. Inatambaa ndani ya ukuta wa mfuko mpaka wote unakuwa mgumu. Ni adimu, na inakwenda mbio."

"Dawa yake?"

"Kisu. Tukikuta haijatoka nje ya mfuko, tutautoa wote."

"Wote? Chakula kitakaa wapi?"

"Tutaunganisha utumbo na koo la chakula. Atakula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku."

Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Lakini nitakula?"

"Tukifaulu, utakula."

"Basi nipasueni."

Walimpasua, wakamshona bila kuutoa mfuko. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini na kwenye utando wa tumbo, na tumbo lilikuwa limetuna kwa maji yaliyotokana nao. Walichoweza kufanya ni kupitisha mpira mwembamba kwenye ngozi ya tumbo mpaka ndani ya utumbo. Muuguzi alinifundisha kuchuja uji kwa kitambaa, kuupoza na kuusukuma polepole kwa bomba la sindano. Nilijifunza haraka. Kazi ya namna hiyo nilikuwa naiweza.

Tuliporudi, jirani alikuja na kichane cha ndizi. Akaona uji ukiingia mwilini bila kupita mdomoni. Akaziweka ndizi chini, akaaga kwa heshima, na hakurudi. Sikusikia mtu akisema neno baya. Watu walianza tu kupita njia ya nyuma. Wateja walituma watoto wachukue redio zao, hata zisizokuwa zimepona. Jioni sauti pekee ndani ya nyumba ilikuwa ya maji yakichemka.

Mimi nilikuwa nakula nyuma ya nyumba, nimesimama upande upepo unakoelekea ili harufu isimfikie. Hakuuliza mpaka siku moja.

"Unakulia wapi siku hizi?"

"Nje."

"Kama mwizi?"

"Sitaki kukutesa."

"Unanitesa kwa kunificha. Kaa ndani, pika hapa. Na mawese usiyaonee huruma."

Nilipika mbele yake, naye akiniamuru kutoka mkekani. "Songa! Usiuguseguse kama waya wa redio!" Ugali ulitoka na mabuje ya unga usioiva. Nilitaka kumpakulia bakuli lake peke yake, akakataa, akaonyesha mkeka katikati yetu. Nikaweka hapo sahani moja.

Alimega tonge, akachovya kwenye maharage, akatafuna kwa muda mrefu sana amefumba macho. Akaashiria beseni, nikamshikia, akatema kile ambacho mfuko wake haukuweza kupokea.

"Chumvi imezidi," akasema, akamega tena.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuoane kumwona mke wangu akila. Niligundua kwamba anatafunia upande wa kushoto, na kwamba huanza na mchuzi kabla ya mboga yenyewe. Mlango tuliufunga, maana mtu angepita angesema tunafanya mambo ya uchawi. Mimi nilimeza, yeye alitema, na chakula kikapungua pande zote mbili za sahani.

Tuliendelea hivyo mpaka mvua zikakaribia kukatika. Siku ya mwisho aliyoweza kuketi hakumega kitu. Alichovya kidole kwenye mchuzi, akakiweka ulimini, kisha akanisogezea sahani yote. Nilikula mpaka ikaisha, naye akinitazama.