Mgeni Aliyengoja Kijani

Chekeni mkitaka. Hili limenifika mwenyewe, hapa hapa Vitongoji, mchana kweupe, na sikuwa na homa.

Mimi ni fundi redio. Siku ile binti yangu Asha alikuwa anaolewa, nikah baada ya sala ya alasiri, na mimi ndiye walii wake, wa kumwozesha. Mke wangu aliniambia, "Baba Asha, leo hata waya usiuguse." Nikaitikia. Lakini mwalimu wa chekechea alikuwa kaniletea treni ya kuchezea, ile ya kuzunguka mezani kwenye reli zake, niiwekee taa za barabarani zinazowaka kweli, watoto wajifunze kuvuka njia. Nikaingia kibandani kwangu, nikajiambia, dakika tano tu. Mafundi mnatujua.

Saa saba, jua la utosi, nimeshawasha nyekundu, nikasikia hodi. Bibi mmoja, kajitanda kanga mpya, simjui. Shikamoo, marahaba, akasimama pale pale mlangoni, meza iko mbele yake.

"Hiyo nyekundu ya nini, baba?"

"Ukiiona unasimama, bibi. Hwendi mpaka iwake kijani."

Akafurahi sana. Akalaza mkono juu ya reli. Treni ikaja, na wallahi siwazulii, ikapita ndani ya mkono ule ikatokea upande wa pili, wala haikupunguza mwendo.

Nikamwomba njia kwa adabu, nikamwambia nina nikah ya mwanangu.

"Sendi. Nyekundu hiyo. Si weye ulonambia?"

Nikageuza swichi. Nyekundu ikazima, kijani haikuwaka.

"Mie nangoja kijani," akasema kwa upole.

Mlango ni mmoja na yeye kaujaza. Treni imempita, na mimi nimpite? Thubutu! Nikabadilisha betri, nikabadilisha waya, wapi. Adhana ya alasiri ikalia. Nikamfikiria Asha na hina yake, anauliza baba yuko wapi, machozi yakanitoka, mtu mzima mimi. Nikasoma Ayatul Kursi. Bibi akaisoma pamoja nami, tena kwa tajwidi nzuri kuliko yangu!

Hapo nikatulia kidogo, nikaona. Kile kitaa cha kijani nilikiunga kinyume, mguu wa chanya nimeutia kwenye hasi. Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nikageuza, nikaungua kidole kwa chuma cha kulehemu, kijani ikawaka.

"Haya baba, Mungu awape masikilizano." Akatoka. Nilipochungulia, njia nyeupe.

Nilikimbia na kanzu mkononi. Ndugu yangu keshaketi mahali pangu mbele ya shehe. Nikamwondoa, nikamwozesha mwanangu huku kidole kinaniwaka moto.

Treni nilishairudisha chekechea. Juzi mwalimu kaniuliza, yule bibi wa kanga mpya anayesimama dirishani mwa darasa kila saa saba, na kuondoka kijani ikiwaka, ni wa nyumba gani? Nikamjibu ni jamaa yetu.

Basi nawaonya: usimwambie mtu simama kabla hujajaribu taa ya kumwambia nenda. Na mkeo akikwambia waya usiuguse, usiuguse.