Jani la Sita

Gharama yote ilikuwa vidole vitatu vya kaka yangu, jicho moja la mtani wake, na miaka minne ya jela. Kuna pia nyumba mbili zilizochomwa moto, lakini hizo zilichomwa kabla sijaitwa, siziingizi katika hesabu yangu. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili imetoka vilevile.

Miaka ile watu walipohamishiwa vijijini kwa nguvu, nilikuwa nauza dawa za mizizi na majani sokoni Chikongola. Nilikuwa na mkeka mmoja na makapu mawili. Jani lililonilisha ni moja: nene, limejaa maji kama ulimi, na ukingo wake una menomeno. Unalibabua motoni, unalikamulia kwenye sikio la mtoto linalouma, au unalifunga juu ya kidonda. Wake wa walimu na wa watu wa bandarini, wengi wao wageni kutoka bara, walinibania bei sana.

"Dada, jani hili si linajiotea tu?"

"Linajiotea, mama. Nenda kaliokote basi."

Wakifika pembeni ya soko walirudi kulipa, maana kuna majani mawili yanayofanana, na wao hawakujua lipi ni lipi.

Mimi nilijua. Alinifundisha bwana shamba mmoja aliyekuwa akija kunisumbua kwa maswali, nami nikamtoza kwa kumuuliza ya kwangu. Moja ni la porini, liko huku tangu mchanga uwe mchanga. La pili, ndilo nililouza, lililetwa na watu kwa mkono, likapandwa mlangoni, likatoroka, likazoea nchi. Yakiwa machanga huwezi kuyatenganisha kwa macho. Ngoja yachanue wakati wa baridi: la porini husimamisha maua yake juu, manjano, kila ua petali nne zimefunguka kama msalaba. Lililoletwa huning'iniza maua yake chini kama kengele, na wekundu wake ni wa damu iliyotiwa maji. Kama hakuna ua, chuma jani, lilaze mahali, lisahau. La porini litanyauka mpaka life, bila kumsumbua mtu. Lililoletwa, baada ya siku kumi hivi, litatoa vijimche kwenye menomeno yake, mizizi na yote, hata ukilinyima udongo.

"Hilo la pili ukilikuta porini," bwana shamba aliniambia, "ujue mahali hapo palikaa mtu."

Laiti angeniambia bei ya mboga badala ya hilo.

Kaka yangu alikaa karibu na Ruvuma, mahali unaposikia mizinga ya vita vya ng'ambo ukiwa unamenya muhogo. Mgambo walipokuja kuwahamisha, aliomba siku tatu amalize kuvuna. Walimjibu kwa kitako cha bunduki mdomoni. Meno mawili, nayo ni ya kabla sijaitwa. Wakatia moto paa, kinu kingali ndani. Wakaenda kwa jirani yake, wakatia moto na huko. Wote wawili walipandishwa lori moja, wakaketi wakitazamana, kaka akitema damu juu ya godoro lake.

"Afadhali, mtani," jirani akamwambia. "Ulikuwa na meno mengi kuliko chakula."

Kaka alicheka mpaka damu ikamwingia puani. Ndivyo walivyokuwa. Walikuwa watani tangu babu zao, na matusi yao ndiyo yalikuwa salamu. Mmoja akifiwa, mwenzake anakuja msibani kukamata kuku na kumtukana maiti, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Tatizo lilikuwa mikorosho. Watu walihama, miti haikupanda lori. Nyumba zilipokuwa zimesimama hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi: mikorosho iliyo nyuma ya nyumba ya kaka, kuelekea mtoni, ni ya kaka, iliyo mbele ya mlango wake ni ya mtani. Sasa nyumba imekuwa majivu, mvua imeyapeleka majivu, na fito zilizobaki zimeokotwa kuni. Korosho zilipoanza kudondoka, kila mmoja alifika na kapu lake chini ya miti ileile. Miti thelathini na mmoja. Kesi ikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Mlangoni kwangu mama alipanda lile jani la masikio," kaka akasema. "Limechipua upya, nimeliona jana. Mlango wangu ni pale, na miti iko nyuma yake."

"Ndugu mwenyekiti," mtani akasema, "hilo ni jani la porini. Limejaa mpaka Msumbiji. Kwa hesabu yake, hata Mreno anakaa uani kwake."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akauliza nani anayajua majani, nikatajwa. Nilikuwa dada wa mdai, ndiyo, lakini mtani mwenyewe alikubali.

"Aje tu. Mwizi wa sokoni angalau ana mizani."

Nikaja na kapu langu la biashara. Tulikwenda pale na mwenyekiti na watu kama ishirini. Moto wa nyasi wa kiangazi ulikuwa umekula mabua yote ya maua, kilichokuwepo ni machipukizi mafupi. Nikachuma majani matano mbele ya macho yao, nikayatia kapuni. Mwenyekiti akalifunga kapu kwa kamba na kulifungia kwenye kabati la ofisi. Kama yatazaa, palikaa mtu. Yasipozaa, ni pori.

Siku ya kumi kapu likafunguliwa mezani. Majani matano yalikuwa yamesinyaa, ya kahawia, kama masikio ya mzee. Moja lilikuwa bichi, lina vijimche vinne ukingoni.

Matano na moja. Nilihesabu mara moja tu, na mara hiyo moja ilitosha. Nilijua papo hapo kwamba lile la sita lilitoka sokoni, lilibaki ndani ya kapu, chini kabisa, kwa sababu sikulikung'uta. Lakini watu wote walikuwa wanatazama vijimche, hakuna aliyehesabu majani. Kaka alikuwa na watoto saba na meno pungufu. Nikaanza kujipunguzia bei mwenyewe: labda nilichuma sita. Labda.

"Limezaa," nikasema. "Palikaa mtu."

Mtani hakubisha. Alitabasamu, akamwambia kaka, "Basi, mtani, hizo korosho nitakukata vidole usiziokote."

Ofisi nzima ikacheka. Kaka akacheka kuliko wote, akaweka mkono wa kulia juu ya meza, katikati ya majani yangu. "Kata basi. Chagua vinono."

Panga lilikuwa chini ya benchi la mtani, watu wote waliliona pale, maana alitoka shamba. Lilishuka mara moja. Vidole vitatu vilibaki mezani na mkono ukaondoka. Watu wawili watatu walikuwa bado wanacheka. Halafu mwenyekiti alipiga ukelele, na hao hao waliokuwa wanacheka wakamrukia mtani kwa mabenchi, kwa magongo, kwa viatu vya matairi. Nilisikia mbavu zikivunjika kama fito za paa. Mtu mmoja alimpiga usoni kwa mguu wa benchi wenye msumari, na jicho likamtoka. Mgambo ndio waliomwokoa, kwa kupiga waliokuwa wanampiga.

Mimi nilikuwa sakafuni na mkono wa kaka mapajani mwangu, damu ikinirukia kifuani. Nilihitaji jani bichi. Mezani lilikuwa moja tu. Nikalitafuna, vijimche na yote, nikalibandika kwenye vishina vya vidole na kulifunga kwa kanga. Hivyo ndivyo ushahidi ulivyokwisha.

Mtani alifungwa. Wakati wa baridi nilikwenda peke yangu kule shambani. Pale tulipochuma, maua yalikuwa yamesimama wima, manjano, petali nne nne. Pori tupu. Nikatembea kuelekea mtoni hadi kwenye mafiga matatu meusi, na kando ya mafiga, kengele nyekundu zinaning'inia. Jani la mama. Kaka hakusema uongo, nyumba kutoweka ndiko kulikompoteza njia. Nikahesabu miti kati ya maua ya manjano na mafiga. Thelathini na mmoja, yote mbele ya mlango, yote ya mtani. Nikarudi nikiihesabu tena. Thelathini na mmoja.

Tangu siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili, na wateja hudhani siwaamini.

Mtani alitoka jela. Huja sokoni, huketi kwenye mkeka wangu na kunitukana kwa raha. "Dada, mwenye jicho moja analipa nusu?" Nampa jani bure, na yeye anashuku ubure huo. Kaka amesomesha watoto saba kwa miti ile, akiokota korosho kwa vidole viwili, na hajawahi kuniuliza lolote. Nikimwambia mtani habari za jani la sita, kaka atauliza vidole vyake vilikatwa kwa haki ya nani. Nikimwambia kaka kwanza, ataniuliza kwa nini nilimfunga jani lile la uongo. Ninyi mnaosoma haya bila damu kifuani, nipeni ushauri: nianze na yupi, na huyo wa kwanza nimpelekee nini mkononi?