Nusu ya Mtu Kwenye Kamera

Mwalimu huyu wa udereva alikuwa na sifa moja: hashtuki. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kiti cha pembeni, miguuni kwake pedali ya ziada ya breki, akaendeshwa na kila aina ya binadamu: wanaofumba macho wakikutana na lori, wanaoachia usukani ili wajikune, na mstaafu mmoja aliyesimamisha gari katikati ya barabara kila akiona mtu wa kumsalimia. Uso wa mwalimu ulibaki mkavu, kama wa mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi.

Kisha mshonaji mmoja wa mapazia, mama wa makamo aliyekuwa kwenye somo lake la tisa, akakanyaga mafuta badala ya breki, na gari likaenda kugonga ukuta wa duka la viatu. Hakuna aliyeumia. Ukuta ulipata ufa, gari likapoteza taa, na mshonaji akapoteza jina: tangu siku hiyo chuoni aliitwa Mama Ukuta. Hakurudi tena kwenye masomo. Mwalimu aliwaeleza watu kwamba yule mama alikanyaga ghafla mno, hata angekaa malaika kwenye kile kiti asingewahi. Watu wakampa pole nyingi. Alizipokea zote.

Wiki mbili baadaye mguu wake wa kulia ukaanza kufanya kazi bila kutumwa. Akiwa kwenye kochi anatazama habari, unakanyaga. Mezani, binti yake akisogeza bakuli la supu, unakanyaga. Kitandani nako unakanyaga, na barabara yenyewe ni mkewe. Garini ndiyo usiseme. Mwanafunzi mmoja alitumia nusu saa kufika kona ambayo bibi kizee mwenye mkongojo alikuwa ameshaifikia, akanunua sabuni na kurudi. Wanafunzi, ambao kwenye alama za barabarani hawakumbuki hata moja, jina la Bwana Breki walilishika siku hiyo hiyo.

"Baba, siku hizi ushauri nasaha unapatikana mtandaoni," binti yake mkubwa alimwambia. "Unakaa zako nyumbani, unaongea na mtaalamu."

"Kichwa changu kizima."

"Kichwa sawa. Na mguu?"

Mwalimu akapima faida zake. Hakuna kuonekana ukiingia kwenye mlango wenye kibao. Hakuna kukaa benchi moja na jirani, kila mmoja akijifanya amesindikiza mgonjwa. Hakuna kupanda gari, na hili la mwisho lilimvutia mwalimu wa udereva kuliko yote. Hasara hakuziona, kwa sababu tangazo halikuwa na nafasi ya kuziandika.

Kikao cha kwanza alikifanyia chumbani, mlango umefungwa, simu imeegemezwa kwenye mto. Mshauri alikuwa mama mwenye sauti ya upole aliyeishi mji mwingine, na nyuma yake palikuwa na mmea wa kijani mno, usingeweza kuwa hai.

"Unapata usingizi?" aliuliza.

"Napata."

"Hapati!" sauti ikajibu kutoka sebuleni, ng'ambo ya ukuta wa mbao. "Anarusha mateke, mwanangu siku hizi analala amejibanza ukutani!"

Mshauri akasogea karibu na kamera. "Kuna mtu mwingine hapo?"

"Ni mama mkwe," mwalimu alisema. "Anapita tu."

"Sipiti, nimekaa! Mwambie na habari za supu, mkwe wangu!"

Kuanzia hapo vikao vikahamia kwenye gari la chuo, saa ya mapumziko ya mchana, likiwa limeegeshwa uani na injini imezimwa. Faragha ikapatikana. Mtandao nao ulikuwa na akili zake: ulitiririka vizuri wakiongelea hali ya hewa, ukakatika wakigusa jambo la maana. Mara mbili mshauri aliganda mdomo wazi katikati ya maneno "Nadhani tatizo lako kubwa ni...", na aliporudi wote wawili walikuwa wamesahau tatizo lenyewe lilikuwa nini.

Hata hivyo mambo yalikwenda vizuri sana. Kikao cha nne mshauri akatabasamu. "Naona uso wako umetulia."

"Nashukuru sana, mama. Umenisaidia."

Kamera ilionyesha kuanzia kifuani kwenda juu, na kuanzia kifuani kwenda juu mwalimu alikuwa amepona kabisa. Chini, mguu ulikuwa unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia.

Kikao cha tano ndicho kilichoharibu mafanikio hayo. Lori la mchanga lilipita nje ya ua, ardhi ikatetemeka, na simu ikateleza kutoka kwenye dashibodi hadi sakafuni, kamera juu.

"Huo ni mguu wako?" mshauri aliuliza.

"Samahani, naiokota sasa hivi."

"Usiiokote. Iache hapo hapo. Huwa unafanya hivyo kila tukiongea?"

Mwalimu alitazama mbele, kwenye ukuta wa ua. "Kila tukiongea."

"Kumbe muda wote huu nimekuwa naongea na nusu ya mtu," alisema mshauri, na ilisikika kama amejicheka mwenyewe. "Basi leo tuongee na nusu iliyobaki. Siku ya ajali, huo mguu ulikuwa wapi?"

Polisi hawakuuliza hivyo. Mwenye chuo hakuuliza, wala mkewe. Na kwa kuwa hakukuwa na macho ya mtu yaliyomtazama usoni, jibu lilimtoka kabla hajalipanga.

"Haukuwa kwenye pedali. Nilikuwa nimekunja nne, mguu juu ya goti. Nasoma kichekesho kwenye simu. Hata hakikuchekesha."

"Na yule mama?"

"Aliniita. 'Mwalimu! Mwalimu!' Mara mbili. Nikamwambia ngoja kidogo."

Safari hii aliomba mtandao ukatike. Haukukatika.

Siku ya pili yake alikwenda kwenye chumba cha mshonaji, chumba chembamba chenye mapazia yaliyoning'inia pande zote isipokuwa dirishani. Mama hakumkaribisha kiti. Mwalimu akaeleza akiwa amesimama, maneno yale yale, bila malaika safari hii.

Mama akasimamisha cherehani. "Nilikuita."

"Uliniita, mama."

"Mimi nimeshaanza kuamini sikuita. Miezi mitatu mume wangu ananiambia wengine hawakuumbiwa gari, nami naitikia." Akakata uzi kwa meno. "Kayaseme haya kule mnakoniita Mama Ukuta. Huku kwangu hayana kazi."

Akayasema Jumamosi, mbele ya wanafunzi kumi na wanne, mwenye chuo akiwa amesimama mlangoni. Mmoja alicheka, akaona anacheka peke yake. Mwalimu alipewa barua ya onyo na kuondolewa garini miezi miwili, awe anafundisha alama za barabarani ubaoni, kazi isiyohitaji miguu. Mguu haukupona siku hiyo hiyo, kwa sababu haukuambiwa kwamba hapo ndipo pa kupona. Ulipunguza tu, kidogo kidogo.

"Kwa hiyo inasaidia?" binti yake aliuliza, akisubiri kusifiwa.

"Inasaidia. Unaweza kumdanganya mtaalamu ukiwa umekaa zako kwenye gari. Hospitali ungepanga foleni kwanza."

Lakini vikao hakuviacha, na siku hizi mshauri hasalimii kabla hajamwambia ainamishe simu ielekee mguuni.

Mshonaji alirudi chuoni, akaomba mwalimu mwingine, akapewa. Alipopata leseni alipita mbele ya geti akiendesha mwenyewe. Bwana Breki, aliyekuwa amesimama hapo na chaki mkononi, alimpungia. Mama hakugeuka. Alikuwa anatazama barabara.