Ukuta wa Magunia wa Nyanya

Likizo hii baba mkubwa alinipitisha Majanji. Sikumwomba; mimi si mtu wa kuomba. Alisimamisha pikipiki pale barabara inapoingia majini, akasema, "Ni hapa." Nikaona mafunjo, ndege weupe, na ncha ya mgomba mmoja ikitokeza juu ya ziwa. Hapo ndipo nilipolelewa na nyanya.

Ungekuja enzi zile, pua yako ingekuonyesha njia: mukene, dagaa wetu wadogo, wameanikwa juu ya nyavu kuukuu, na moshi wa ugali wa muhogo na mtama. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku kwenye mukene. Niliipenda, maana kuku hawakuulizi mbona huongei.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Lilimeza mahali petu pa kufulia, halafu bustani ya sukuma. Majirani wakahamia mlimani, mmoja baada ya mwingine. Nyanya hakuweza. Kwetu, boma jipya hufunguliwa na mwanamume, na babu alishakufa. Mjane akiiacha nyumba aliyojengewa na mumewe, hapati tena ya kwake. Anaenda kukaa kwa mtoto. Kwa hiyo nyanya akapigana.

Shangazi alitutumia magunia matupu ya sukari kutoka mpakani. Tukayajaza udongo wa kichuguu, ule unaoshika kama saruji, tukayapanga kuzunguka uwanja na kuziba mianya kwa mavi ya ng'ombe. Jirani yetu mvuvi akapita na mtumbwi pale pale tulipokuwa tukifulia, anacheka.

"Mama, hii ziwa haisikii mtu!"

"Na mimi sisikii," nyanya akamjibu. "Leta samaki, wacha maneno."

Akaturushia sato mnene.

Na ukuta ulishika, nakuambia! Mawimbi yalipiga, yakarudi. Nyanya akawa anasonga ugali huku anaimba.

Tulichosahau ni mvua. Ilishuka kutoka mlimani nyuma yetu, ikajaa uwanjani, ikakosa pa kutokea. Magunia yaliyozuia ziwa yaliizuia na yenyewe. Maji yakapanda hadi mlangoni, kuta za udongo zikaanza kulegea, na huko nje ziwa limetulia tu, kama halihusiki.

Baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa nyanya, alikuwa amekuja kutuona. Akashika jembe. "Mama, nitoboe?"

Nyanya alimnyang'anya jembe, akautoboa ukuta yeye mwenyewe. Mvua ikatoka kwa kishindo. Tukashangilia. Halafu upepo ukageuka, na ziwa likaingia kwa tundu lile lile, likilipanua kila wimbi lilipokuja. Jioni tulikuwa tunabeba sufuria vichwani, na nyuma yetu ukuta wa chumba cha nyanya ukaanguka taratibu, kama mtu anayekaa chini.

Sasa anaishi Molo, kwa baba mkubwa. Sakafu ni ya saruji, umeme upo, mke wa baba mkubwa anamheshimu sana. Lakini ile sauti yake ya Majanji, iliyotufokea toka alfajiri, nani kaacha mlango wazi, nani kamaliza kuni, sijaisikia tena. Akishikwa na kiu anakwenda hadi mlango wa jikoni, anasimama nje.

"Hodi hapa."

"Ai, mama, ingia tu!"

Haingii. Anangoja aambiwe mara ya pili.